Kufuli la Choo cha Wageni

Manyunyu ya kijijini Ikuti hayana adabu. Yaliteleza kutoka kwenye kilemba cha Winfrida, yakapita shingoni, yakashuka mgongoni chini ya kapu, na papo hapo mkojo ukambana.

Zamani angetupa kapu na kukimbia, akalowa kabla hajafika mwisho wa mstari. Sasa alisimama. Mikono juu ya kichaka cha chai, miguu pamoja, akakaza huko ndani kama mtu anayebana ushuzi katikati ya mahubiri. Akaachia. Akakaza tena. Ndivyo alivyofundishwa na Hellen, dada wa mazoezi ya viungo hospitalini Tukuyu.

"Ukikimbia, mama, kibofu kinajua kimekushinda. Simama, kaza, iache haja ipite, ndipo uende chooni taratibu kama mwenye nyumba."

Akamwambia pia asijinyime maji, na apunguze chai. Mchuma chai apunguze chai! Walicheka wote wawili. Lakini mazoezi yalikuwa yanafanya kazi. Siku hizi alikuwa anarudi nyumbani mkavu.

"Hiyo nguzo ya umeme kaisimika nani?" sauti ikapaa kutoka barabarani. "Au inasubiri transfoma?"

Vibarua vijana wakaangua kicheko. Alikuwa Ambwene, mnyapara, mdogo wa marehemu baba mkwe wa Winfrida. Kwa Wanyakyusa huyo naye ni mkwe. Mkamwana hamtazami usoni, hasemi naye, hataji jina lake, na akimwona njiani anampisha mpaka majanini. Wengi wameshalegeza mambo hayo. Winfrida hakulegeza, na Ambwene alilijua hilo vizuri. Alimchokoza kutwa nzima, kama anayepiga mbuzi aliyefungwa kamba.

Winfrida akainamisha kichwa, akaendelea kuchuma.

Mchana foleni ya mizani ilikuwa ndefu. Karibu na banda kuna choo kipya, kina vigae na ndoo ya maji yenye koki. Kampuni ilikijenga baada ya wanunuzi wa ng'ambo kukataza watu kujisaidia mashambani. Kikapigwa picha, kikatiwa kufuli. Ni cha wageni, na ufunguo hukaa na mnyapara. Mchumaji akibanwa apande kilima arudi kwake, na akirejea anakuta gari la kiwandani limeondoka, majani yake yamenyauka, jasho lake limekwenda bure.

Karani wa mizani akamwaga maji kuosha sahani ya kupimia. Kusikia tu maji yale, Winfrida akabanwa. Akasimama tuli. Foleni ikasogea, yeye hakusogea.

"Toka hapo!" Ambwene akaja mbio. "Shambani umesimama, hapa umesimama. Majani ya mvivu hayapimwi!" Akalivuta kapu mgongoni kwake, mwenyewe asimguse, akalimwaga kwenye tope.

"We mnyapara, mwenzetu ana shida," akasema Agness, mjane aliyekuwa mbele ya Winfrida kwenye foleni.

"Shida gani? Si aseme mwenyewe." Akatabasamu. "Mdomo anao."

Alijua mkwewe hawezi kusema naye. Hicho ndicho kilichomchoma Winfrida kuliko majani. Heshima yake mwenyewe, aliyoitunza tangu aolewe, ilikuwa imegeuzwa fimbo ya kumchapia.

Akainua macho, akamtazama. Kumbe ni mzee tu wa kawaida, ana povu la mate pembeni mwa mdomo.

"Ambwene," akasema.

Wanawake wakashika vinywa.

"Mkojo unanibana ghafla. Nimeuokota kwenye kuzaa watoto wa ukoo wenu. Nikisimama si uvivu, nauzuia. Sasa chagua. Niuachie hapa hapa, mkwe wangu ushuhudie, au nipe ufunguo wa choo kile."

"Ah, mwanamke huyu kichaa..."

"Mpe ufunguo!" Agness akapaza sauti.

"Mpe bwana, tunachelewa!" hata dereva wa gari akadakia.

Ambwene alirudi nyuma kama aliyekanyaga nyoka. Mkononi hakuweza kumpa, mwiko. Akautupa ufunguo kwenye tope. "Kesho nisikuone shambani kwangu!"

"Shamba lako tangu lini?" Winfrida akamuuliza.

Hakuukimbilia ufunguo. Alikaza, akaachia, akakaza, foleni nzima ikimngoja pamoja na mnyapara na gari la kiwandani. Haja ilipotulia akainama, akaokota ufunguo, akatembea.

Mle ndani kulinukia sabuni. Ukutani palibandikwa picha ya mchuma chai anayecheka na kapu mgongoni. Winfrida alikojoa akamaliza, akanawa mpaka viganja vikanukia kama vya mgeni wa ng'ambo. Kazi hana tena, hilo alilijua. Watoto wangekula nini, hakujua.

Akalichukua kufuli aliloingia nalo, pamoja na ufunguo wake, akaviachia shimoni. Lilikuwa shimo refu. Alisikiliza mpaka vilipofika chini.

Alipofungua mlango, Agness alikuwa amesimama pale nje, amebana miguu, na nyuma yake wanawake wengine watatu.

"Ingia," Winfrida akamwambia. "Wala usikimbie."