Isipokuwa Mlanguzi

Luqmani alipanda njia ya Mgeta huku akijilaani kila hatua, na alikuwa na kila sababu, maana kitanzi kilichomkaba alikisuka kwa mikono yake mwenyewe.

Miaka kumi nyuma, mwaka wa themanini na tisa, yeye na rafiki yake Kasimiri walikuwa makarani wa kompyuta katika shirika moja la umma mjini Morogoro. Kazi ikiisha walibaki ofisini wakiandika programu ya wakulima wa mboga: nani kapanda nini, itakomaa lini, na bei ya Dar ikoje. Wakaigawa bure kwenye disketi, pamoja na maandishi yake yote ya ndani, ili mwenye kujua airekebishe na kumpa mwenzake. Leseni waliitunga wenyewe, mistari minne tu. Programu ni ya watu wote, isipokuwa mlanguzi. Na sharti hilo halibadiliki mpaka waandishi wote wawili watie saini. Enzi hizo mlanguzi lilikuwa tusi zito, na kila mwenye lori lake alihesabiwa mlanguzi. Vijana wale wawili walijiona mashujaa.

Kisha nchi ikafungua milango. Shirika likauzwa, Luqmani akapunguzwa kazini pamoja na wenzake mia mbili, akawa anachapa barua za watu kibarazani kwa mashine ya kuazima. Alikuwa na watoto watatu na mke aliyekwisha kuchoka kuuliza. Ndipo ikaja kampuni ya Dar inayonunua mboga. Ingempa kazi ya kudumu, aiweke programu yake kwenye maghala yao yote. Mwanasheria wa kampuni akaisoma ile leseni, akacheka, halafu akaacha kucheka. Ibadilishwe kwanza, alisema, mwisho Ijumaa. La sivyo hakuna kazi.

Tatizo ni kwamba Kasimiri alikuwa amefariki miaka miwili iliyopita. Luqmani akaenda Mazimbu kwa mjane wake, Rosa, akamkuta anapuliza jiko la mkaa.

"Kama itakusaidia, shemeji, lete kalamu," Rosa alisema, akatia saini bila kusoma.

Kwa mwanasheria hiyo ilitosha kabisa. Mtu mwenye akili zake angeishia hapo. Lakini Luqmani ni Mluguru, na hata kama alizaliwa mjini, alijua kwamba kwa Waluguru kitu cha marehemu hurudi upande wa mama yake. Saini ya Rosa ilimnyima usingizi siku mbili. Basi akapanga kupanda mlimani Mgeta kwa wakwe zake Rosa, atoe taarifa kwa adabu, ashuke. Akanunua kilo mbili za sukari. Gari la kampuni, likiendeshwa na wakala wao, lilimleta mpaka barabara inapoishia, likabaki pale kumsubiri.

Bonifasi, mtoto wa dada yake Kasimiri, alikuwa shambani anapakia karoti kwenye magunia. Kijana huyu, zamani akimwona Luqmani kwa mbali, alikuwa anakimbia kumwamkia. Luqmani akasimama kungoja shikamoo yake. Haikuja.

"Luqmani!" Bonifasi alisema, akijipangusa mikono. "Siku nyingi, mwenzangu. Umenitupa."

Hapo Luqmani akakumbuka. Matanga yalipoanuliwa, ukoo ulimrithisha Bonifasi jina la mjomba wake. Tangu siku ile yeye ndiye Kasimiri, na hata wazee walimwita hivyo. Kasimiri hamwamkii rika lake.

Akampa karatasi. Bonifasi akaisoma amesimama, polepole, mpaka chini.

"Rosa ameshatia."

"Amenisaidia, ndiyo."

"Rosa ni mwema. Ila hiki si chake, na wewe unajua. Ungekuwa hujui usingepanda huku."

"Enzi zile zimepita," Luqmani alisema, sauti ikimpanda. "Hakuna mlanguzi siku hizi. Wewe mwenyewe unapeleka karoti Dar! Tukifuata leseni ile, mlanguzi ni wewe!"

"Mimi nauza nilicholima." Bonifasi hakukasirika, na hilo ndilo lililomtisha Luqmani. "Sikiliza. Leo, kwenye kompyuta ya parokia, sisi ndio tunaojua kabichi za nani zitapasuka wiki hii zisipouzwa. Hao wakiipata programu, wataweka mawakala waandike shamba kwa shamba. Wakishajua, watakaa kimya huko Dar mpaka zipasuke, ndipo waje kutuuliza bei. Tutawapa bure."

"Nina watoto watatu. Bila kazi hii nimekwisha, Boni... Kasimiri. Nimekwisha."

"Najua. Nakuonea huruma, kweli. Lakini hebu nikuulize. Hili sharti la saini mbili aliliweka nani?"

Aliliweka Luqmani mwenyewe. Aliogopa kwamba Kasimiri, mtu wa mlimani mwenye ndugu wanaouza mboga, siku moja angewauzia walanguzi programu yao. Kasimiri alicheka sana siku ile, akatia saini.

"Mjomba alinisimulia," Bonifasi alisema. "Alisema, Luqmani ananichunga mimi, basi na mimi nitamchunga yeye."

Akamrudishia karatasi, akaipokea sukari kwa mikono miwili, akashukuru, akarudi kwenye magunia yake.

Luqmani akateremka. Alimchukia Bonifasi, akamchukia marehemu, akajichukia yeye kuliko wote. Barabarani, wakala wa kampuni akashusha kioo, akamnyooshea kalamu.

"Vipi, tayari?"

Luqmani akaiweka karatasi juu ya boneti. Saini ya Rosa ilikuwepo, imeenda upande. Chini yake palikuwa na jina la Luqmani mwenyewe, na nafasi tupu ya saini. Mstari mmoja tu wa wino, na kesho angekuwa na kazi. Aliishika ile kalamu mpaka wakala akaanza kutazama saa.

"Kasimiri amekataa," alisema.

"Kasimiri? Si ulisema alikufa?"

"Nimemwacha anapakia karoti," Luqmani alisema, akamrudishia kalamu yake.