Kizimba cha Mti wa Mpakani

Watu wote wa Usenge wanajua kwamba mbwa akiingia katika shamba la mtu na kuangusha mtama, mwenye mbwa hulipa kuku anayetaga, na shauri huishia hapo. Hakuna kubishana wala kununa. Dorca, mjane wa Obonyo, aliolewa akiijua sheria hiyo, na kwa muda wote aliokaa katika boma la mumewe hakuwahi kulipa hata kifaranga.

Alhamisi moja, omena, dagaa wa ziwani, zikiwa zimekwisha kuanikwa ufuoni, shemeji yake Fabian alifika na kizimba kipya cha mbwa, akakiweka baina ya jiko la Dorca na safu ya vigingi. Vigingi navyo vilikuwa vyake. Baada ya kumzika kaka yake, Fabian aliuangusha mti wa siala uliokuwa alama ya mpaka tangu siku za babu yao, akapigilia vigingi karibu sana na jiko, hata Dorca akimwaga maji ya kuoshea sufuria huyamwaga ugenini.

Desturi ya hapo ni kwamba vigingi vikisimama msimu mmoja wa mvua bila kung'olewa, huwa ndio mpaka. Dorca hakuvigusa, kwa kuwa mtu akivigusa hushtakiwa. Aliyevigusa ni Bosco, mbwa wake mwenye rangi ya udongo. Kila asubuhi aliving'oa kwa meno, akavilaza mlangoni pa Dorca, kisha akatikisa mkia akingoja arushiwe. Fabian akashtaki. Naibu wa chifu, Bwana Dalmas, akaamua kwamba mbwa aondoke, na Frankline, mnunuzi wa omena, akakubali kumchukua akalinde ghala lake huko Otonglo. Frankline alitoa sharti moja: mbwa asafiri kizimbani, maana pikapu yake hubeba omena, na mbwa hana dini.

Mbwa akiondoka, vigingi vitasimama. Jambo hilo halikuhitaji kuelezwa.

Kizimba kilikuwa kimetengenezwa kwa mbao za ule mti wa siala. Wazee walimwonya Fabian kwamba mti wa mpakani hauchongwi kitu. Huachwa uoze pale ulipoangukia. Yeye alijibu kwamba mbao ni mbao.

Bosco aliuona mlango wa kizimba, akaona wanaume wazima watatu, Fabian, Dalmas na Frankline, wameinama, akaelewa kwamba wamekuja kucheza. Alilala chali. Aliposhikwa miguu, alijilegeza kama gunia la mchele wa Ahero. Alipoachiliwa, alikizunguka kizimba kwa mbio na kiatu cha Bwana Dalmas mdomoni. Fabian alimwita kwa upole, kisha kwa ukali, kisha kwa Kiingereza.

"Mama, mwite wewe," Dalmas alisema, akiwa amesimama kwa mguu mmoja. "Wewe anakusikia."

"Niliagizwa kumtoa, Mzee, sikuagizwa kumfunga," Dorca alijibu, akiendelea kuchambua omena. "Huyo hapo nje, nimemtoa."

Hatimaye Frankline alitupa kichwa cha sangara ndani ya kizimba. Bosco akakifuata. Fabian akafunga mlango, akatia komeo, akajipangusa mikono. Mbwa alisikika akibweka mle ndani, kwanza karibu, halafu mbali, kama abwekaye ng'ambo ya shamba. Punde si punde akatokea nyuma ya jiko, kichwa cha sangara mdomoni na punje za mtama masikioni. Komeo lilikuwa mahali pake. Walimwingiza tena, akatokea tena jikoni.

"Bwana Fabian," Frankline alisema, "huyu anaingia kwa mlango, anatokea kwa jiko. Nikifika Otonglo, si nitakuta amebaki hapa? Ghala langu litalindwa na nani, sanduku?"

Bwana Dalmas alipiga magoti, akaingiza kichwa na mabega kizimbani. Alikaa humo kitambo. Alipotoka alikuwa na umande kwenye ukosi wa shati.

"Kuna shamba," alisema. "Ni kile kipande chenyewe cha mpakani. Siala imesimama, na mtama umekomaa."

"Huyo mbwa hupita humo akifanya nini?" Fabian akauliza.

"Hucheza na marehemu. Obonyo anapalilia, na akichoka humrushia kigingi. Amenisalimia, akauliza kama bado nina kile kikohozi."

Dorca aliacha kuchambua omena. "Amesema nini tena?"

"Amesema mpaka uko kwenye siala."

Hakuna aliyebisha. Fabian mwenyewe alichungulia, akamwamkia kaka yake kwa heshima, akatoa kichwa.

"Basi umesikia, Mzee," Dorca alimwambia naibu wa chifu. "Mwambie shemeji aving'oe."

"Nimesikia, Mama, na ni kweli tupu. Lakini shahidi wa mpaka husimama juu ya mpaka, wazee wakimwona. Huyu amesimama ndani ya sanduku." Akavaa kiatu chake, ambacho kilikuwa kimelowa. "Vigingi vitabaki. Vimwagiwe saruji."

"Mimi naenda," Frankline alisema. "Omena hazingoji kesi." Akawasha pikapu, akaondoka bila mbwa.

Ndipo Fabian alipoinua kidole. Kizimba ni chake, na kilichomo ni mali ya mwenye kizimba. Mtama wa humo umelazwa chini na mbwa, na Bwana Dalmas ameuona kwa macho yake.

"Shemeji," Dorca alisema, "mtama huo anaulima mume wangu."

"Anaulima ndani ya mbao zangu."

Dalmas alikiri kwamba sheria haisemi shamba liwe wapi.

Saruji ilimwagwa siku hiyo hiyo. Bosco alivijaribu vigingi kimoja baada ya kingine, vikakataa, akaenda kulala kivulini. Dorca hakubishana wala hakununa. Aliingia jikoni, akatoka na kuku wake wa madoadoa, akamkabidhi Fabian kwa mikono miwili.

"Hupenda kutaga penye utulivu," alisema. "Usimpigie kelele."

Fabian alifungua kizimba ili ambebe nyumbani. Kuku hakumsumbua mtu. Hakutupiwa chochote wala hakusukumwa. Alisimama mlangoni, akasikiliza, na mle ndani sauti ya mwanamume ikasikika ikiwaita kuku kwa kugonga ulimi, kama Obonyo alivyozoea jioni. Kuku akaingia mwenyewe. Fabian akatia komeo, na shauri likaishia hapo.