Herufi Sita Mlangoni

Mkunga aliliona neno lile asubuhi alipokuwa akitoka kwenda kazini. MUUAJI. Herufi sita za rangi nyeupe ya kopo, kuanzia mlango wa mbele wa gari lake hadi wa nyuma. Hakupiga kelele. Alirudi ndani, akaomba ruhusa kazini, kisha akampigia simu shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye ni fundi rangi wa magari.

Kufikia saa nne, bati la milango lilikuwa limetakata. Shida ilikuwa chini, kwenye ukanda mpana wa plastiki nyeusi unaokinga milango. Plastiki ile ina vijitundu kama ngozi, na nyeupe ilikuwa imezama humo. Nusu ya chini ya kila herufi ilibaki, na yeyote ajuaye kusoma angeweza kujimalizia.

"Mwagia tina, ile ya kuyeyushia rangi, shemeji," mkunga alisema. "Saa sita namfuata mtoto shule."

"Tina itaila plastiki ifanye weupe. Neno litabaki humo mpaka gari life. Hapa ni spiriti, mswaki na subira."

"Subira sina."

"Basi shika mswaki. Subira nitaweka mimi."

Fundi alijaribu spiriti kwanza pembeni, mahali pasipoonekana, akahakikisha plastiki haibabuki. Kisha wakachuchumaa bega kwa bega. Wanalowesha kidogo, wanasugua taratibu, wanafuta haraka kabla nyeupe haijarudi kukaa. M ikaondoka. U ya kwanza ikafuata. Saa tano ilipopita, mkunga alianza kusugua kwa nguvu hadi mswaki ukavunjika.

Ndipo mtu akasimama getini. Alikuwa seremala, mume wa mama aliyefia mikononi mwa mkunga siku nne zilizopita, baada ya kujifungua. Kucha zake zilikuwa na rangi nyeupe.

Fundi aliinuka, ameshika mswaki wake, silaha pekee aliyokuwa nayo.

"Niliandika mimi," seremala alisema.

"Nimeona vidole vyako," mkunga alijibu bila kuinuka.

"Wameniambia ulitoka. Damu inamwagika, wewe ukatoka chumbani."

"Nilitoka. Nilikimbia jengo la pili kutafuta damu. Kwenye friji kulikuwa na mfuko mmoja tu wa kundi lake. Nikarudi nao mbio, tukamwekea, ukaisha."

"Halafu?"

"Halafu nikamshika mkono."

Seremala alisogea hatua mbili. Fundi naye akasogea, akasimama katikati yao.

"Alisema nini?"

"Aliuliza kama mtoto amelia."

"Na alikuwa amelia?"

"Alikuwa analia wakati uleule. Alimsikia."

Seremala alirudi nyuma, akashika nguzo ya geti. Kisha akanyoosha mkono. "Nipe mswaki nisugue."

Mkunga akasimama sasa, magoti yakimuuma.

"Hapana. Binti yangu ana miaka saba. Anasoma kila kitu, hadi maandishi ya kwenye pakiti ya sabuni. Angelisoma neno lako, ningemwambia nini?"

Seremala akaushusha mkono.

"Nenda kwa mwanao," mkunga alisema. "Hapa tutamaliza wenyewe."

Seremala aliondoka bila kuaga. Fundi alimsindikiza kwa macho hadi alipokata kona, ndipo akapumua.

Saa sita kasorobo, zilibaki A na J, hafifu kama vumbi. Fundi alizitia spiriti mara ya mwisho, akaiosha plastiki kwa maji ya sabuni, akaikausha na kuipaka mafuta yake maalumu. Ikang'aa. Ukiinama ungeona kivuli cha J.

"Hiyo nitaimaliza kesho," alisema. "Nenda, utachelewa."

Mkunga aliingia garini, akafunga mlango, akaweka mikono kwenye usukani. Hapo ndipo machozi yalipomtoka, mengi, bila sauti. Fundi aligeuka akajifanya anakusanya vitambaa. Alipogeuka tena, gari lilikuwa limeshaingia barabarani, likienda polepole.