Mbuzi Watatu Sebuleni

Mtego niliutega mimi mwenyewe. Naanza na hilo kwa sababu majirani hapa kijijini Letlhakeng, Botswana, wamekuwa wakisema ni kazi ya wawindaji haramu, na mimi nikawaacha waseme.

Mbweha alikuwa amenichukulia wana-mbuzi wanne ndani ya wiki mbili. Wa tano alimuua lakini hakuwahi kumla, maana mbwa wetu Bareng alimtimua. Asubuhi nikaukuta mzoga kando ya kichaka cha miiba, haujaliwa hata kidogo. Nikajiambia, mwizi lazima atarudi kuchukua alichokiacha. Nikatoa mtego wa chuma wa marehemu mume wangu, nikautega karibu na kichwa cha yule mwana-mbuzi, nikaufukia kwa mchanga nikausawazisha vizuri. Nilikuwa na hasira, na nikiwa na hasira mikono yangu hufanya kazi safi sana.

Nilichosahau ni jambo ambalo hapa kwetu hata mtoto analijua. Bareng ni mbwa wa mbuzi. Tulimtia zizini kabla hajajua kubweka, akalala katikati ya wana-mbuzi, akanyonya kwa mama yao. Mbuzi akizaa porini, Bareng hubaki naye mpaka mtoto asimame. Mbuzi akifa, hubaki naye vilevile, kutwa nzima, mpaka umfukuze. Basi jioni ile mbweha hakuja. Alikwenda Bareng, kulala kando ya mdogo wake na kumlinda.

Nilimsikia nikiwa jikoni. Sitaieleza ile sauti.

Daktari wa mifugo kule Molepolole alisema mfupa wa mguu wa mbele umesagika, hauungiki. Akaukata kuanzia begani. Siku ya tatu akanirudishia mbwa, na masharti juu yake: akae ndani, mahali pakavu na safi, wiki mbili bila kukimbia wala kuruka, asilambe mshono, vidonge vya maumivu asubuhi na jioni, akitoka kujisaidia ashikiliwe. Nikaitikia kila sharti, lakini lile la kukaa ndani lilinikaa kooni.

Mbwa wa mbuzi haingii nyumbani. Humpapasi, humwiti kwa sauti tamu, humlishi mkononi. Chakula chake unakiweka zizini, unaondoka. Ukimzoesha mapenzi ya watu atawaacha mbuzi aje kukaa kando ya chungu chako, na mbweha atakula mpaka atapike. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na kwa mbwa wa mbuzi msemo huu hauna msamaha.

Lakini kidonda nacho hakina msamaha. Nikafunga kibwebwe.

Sakafu yangu ni ya saruji, naipaka nta nyekundu kila Ijumaa mpaka unajiona uso. Bareng alipoikanyaga mara ya kwanza kwa miguu mitatu, kidevu kilitangulia. Nikatandika magunia ukuta hadi ukuta. Nikakata kitako cha ndoo ya plastiki nikamvisha shingoni ili asifikie mshono. Nikamvalisha shati la marehemu, mkono mmoja nimeushona ukazibwa, kidonda kisiguse vumbi. Kila alipotaka kutoka nilipitisha gunia chini ya kifua chake, nikamwinua nusu, tukaenda hatua kwa hatua mpaka mgongo wangu ukaanza kunitukana. Vidonge nilivificha kwenye ugali wa mtama. Siku mbili akala. Siku ya tatu akala ugali akatema kidonge, akakisukuma kwa pua mpaka miguuni pangu.

"Haya, mjanja," nikamwambia. "Mimi na wewe, tuone."

Nikamfungua mdomo nikakiweka mwenyewe nyuma ya ulimi, nikamsugua koo mpaka akameza. Hapo ndipo nilipoanza kumgusa. Halafu wakati mwingine alishtuka na kulia, akageuka kuutafuta mguu usiokuwepo, na mtu gani mwenye moyo atakaa kimya? Nilimshika kichwa nikamwambia pole. Nilimwambia pole mara nyingi sana. Hakujua kwa nini nalia.

Siku ya nane shemeji yangu Oduetse, mdogo wa marehemu, akapita. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akamwona Bareng akijikongoja kuja kwake na ndoo shingoni, mkia ukipiga ukuta.

"Mma Tebatso," akasema, yaani Mama Tebatso, kama wote wanavyoniita. "Huyu mbwa amekuja kunisalimia?"

"Ana adabu."

"Adabu! Mwaka jana nilikaribia zizi lako akataka kunitoa utumbo. Leo ananilamba kiatu. Na hili si shati la kaka?"

"Kaka yako halihitaji alipo."

Hakucheka. Alichuchumaa, akamwangalia Bareng, na Bareng akamwekea kidevu gotini.

"Shemeji, nisikilize bila kukasirika."

"Nimeshakasirika. Sema."

"Mbwa amekwisha huyu. Si kwa sababu ya mguu. Kwa sababu ya haya," akasema, akiigiza mkono unaopapasa. "Una mbuzi arobaini na wawili na hakuna mlinzi. Mtoto wa mbwa mwingine utamlea miaka miwili ndipo afae. Wewe uko peke yako. Mwisho wa mwezi nakuja na pikapu, nawahamishia mbuzi kwangu. Huyu nitammaliza vizuri, risasi moja, hatasikia kitu."

"Na nikikuonyesha kwamba bado anafaa?"

"Akikaa na mbuzi kama zamani, wabaki wote. Mimi si mwizi. Lakini mbwa aliyeonja zulia..."

"Ni gunia."

"Ni zulia, Mma. Kwake ni zulia."

Alipoondoka nilikaa sakafuni nikiwa na hasira, na safari hii sikuwa na wa kumtegea. Kibaya zaidi, shemeji alisema kweli. Wale mbuzi ndio maisha yangu yote. Nikiwatoa, nitabaki kuwa mjane wa kupelekewa unga. Bareng akaja akanilalia mapajani. Nikamsukuma. Akarudi. Nikamsukuma tena, na moyo ukaniuma kweli.

Ndipo nikajiuliza: kama mbwa hawezi kwenda kwa mbuzi, mbuzi wana miguu mingapi?

Nikaenda zizini nikamkamata Mamkwe, mbuzi mzee tuliyempa jina hilo kwa ukorofi wake, pamoja na wanawe wawili. Nikawaingiza sebuleni. Kabla ya hapo nilimpigia daktari simu. Aliniuliza kama nimelala vizuri, kisha akasema sawa, mradi kidonda kisiguse kinyesi na wasimrukie. Nikaburuta meza kugawa chumba, mbuzi upande huu, Bareng upande ule, wanasikia harufu na pumzi za wenzao. Ufagio haukutoka mkononi mwangu siku sita.

Jirani yangu Galeboe alikuja kuomba chumvi, akabaki mdomo wazi.

"Mma Tebatso! Umefungua zizi sebuleni?"

"Karibu. Angalia usikanyage."

"Na yule juu ya kochi?"

"Huyo ni Mamkwe. Kochi amelichukua, nimemwachia."

"Wallahi huolewi tena wewe," akasema, akacheka mpaka akashika ukuta. "Nta yako yote ile!" Chumvi aliisahau. Jioni wilaya nzima ilikuwa na habari zangu.

Mshono ulipotolewa nikaondoa meza. Wana-mbuzi wakamwendea Bareng moja kwa moja. Mmoja akaitafuna ndoo, mwingine akatafuna ukosi wa shati la marehemu, na Bareng akafumba macho kama mtu anayekunwa mgongo. Kuanzia siku hiyo sikumgusa tena. Chakula niliweka katikati ya mbuzi, nikaondoka bila neno. Alinifuata mpaka mlangoni, nikamfungia. Alikwaruza mlango, nami nilikaa upande wa pili nimeziba masikio. Jamani, hiyo ilikuwa ngumu kuliko vidonge, kuliko mgongo, kuliko damu yote niliyofuta. Wiki iliyofuata nikawarudisha wote wanne zizini.

Alianguka sana huko. Zizi lina mashimo, na mbuzi hawamngoji kilema. Nilisimama nyuma ya ukuta wa miiba nikihesabu: siku ya kwanza mara kumi na saba, siku ya tano mara nne. Mara zote aliinuka mwenyewe. Mimi niliuma kanga yangu tu.

Mwisho wa mwezi pikapu ikaja. Oduetse aliteremka, bunduki akaiacha juu ya kiti, lakini mlango hakuufunga.

"Haya, fungua tuone."

Nikafungua lango. Mbuzi wakamwagika kwenda malishoni, vumbi likapanda, na Bareng akatoka nyuma yao akirukaruka kwa miguu yake mitatu. Alipofika langoni akasimama. Akanitazama. Kisha akaacha kundi akaja kwangu, mkia unacheza, akaegemea goti langu.

"Unaona, shemeji," Oduetse akasema, kwa upole kabisa. Ningependa zaidi kama angenicheka.

Sikumtazama Bareng. Nilitazama mbele kama mtu aliyepigwa na butwaa, mikono nyuma ya mgongo, vidole nimevishikanisha visije vikashuka vyenyewe kwenye kile kichwa.

Oduetse akavuta pumzi, akamkamata mwana-mbuzi wa Mamkwe aliyechelewa nyuma, akamwinua kwa mguu mmoja kumpeleka garini. Mwana-mbuzi akapiga yowe.

Uzito ukatoka kwenye goti langu. Sikuona alivyokwenda, niliona tu amefika. Alijirusha, akatua vibaya, akala mchanga, akainuka, akasimama mbele ya shemeji aliyekuwa amefika garini, manyoya ya mgongo yamesimama, meno yote nje. Oduetse akamwachilia mwana-mbuzi akarudi nyuma mpaka akakalia boneti.

"Mwite! Mma Tebatso, mwite mbwa wako!"

"Simwiti. Si wangu, ni wa mbuzi."

"Basi nimeona! Nimeona, wabaki! Mwite!"

Nikacheka, cheko la mtu aliyebeba mzigo mwezi mzima. Kisha nikaenda kumwinua yule mwana-mbuzi, maana alikuwa ameangukia kwato za mbele na nilitaka kuona kama ameumia. Nikanyoosha mkono. Bareng akageuza kichwa, akauangalia mkono wangu, na akaunguruma.

Ulikuwa ni mkono uleule uliofukia mtego mchangani. Nikaurudisha.

"Mimi ndiye niliyeutega ule mtego, shemeji," nikasema. Oduetse, juu ya boneti, akautazama mkono wangu.

Bareng akamnusa mwana-mbuzi, akamsukuma kwa pua mpaka akasimama, wakaondoka pamoja kulifuata kundi, wote wawili wakichechemea. Hakugeuka nyuma. Nililia palepale mbele ya shemeji, kisha nikaingia ndani kukwangua kinyesi cha Mamkwe kwenye kochi.