Mkono wa Kushoto wa Jarrel Mabry

Ngoja niseme mapema kwamba yule kijana alikuwa mzuri, maana nikichelewa kulisema sitalisema kabisa.

Kwenye ukuta wa duka la vifaa la Orrin Mabry, upande unaotazama barabara kuu ya mji wetu wa Tallis Fork, hapa Ohio, kuna ubao mrefu wa kijani. Umeandikwa majina ya walioweka rekodi katika timu ya mpira wa Kimarekani ya shule. Mstari wa tatu ulikuwa wangu: VERLIN HOCH, 1973, MARA 18. Maana yake, msimu ule nilimpita mlinzi aliyewekwa mbele yangu, nikamfikia mrushaji kabla mpira haujamtoka mkononi, nikamlaza chini, mara kumi na nane katika michezo kumi. Mmoja nilimlaza kwa kishindo hadi ng'ombe wa shamba la jirani wakakata maziwa siku tatu, na mwenye shamba akaja kulalamika kwa mkuu wa shule. Ng'ombe wale na mwenye shamba wote wamekwisha kufa, kwa hiyo sina wa kunibishia.

Ubao ule una sheria moja. Rekodi ikivunjwa, jina la zamani hufunikwa kwa rangi ya kijani na jipya huandikwa juu yake, na anayefanya kazi hiyo ni yule yule aliyevunjiwa. Kwa mkono wake mwenyewe, mchana, watu wakimwangalia. Mimi nimepaka nyumba za watu rangi kwa miaka arobaini mpaka nikastaafu, na sijawahi kuiogopa brashi isipokuwa hiyo moja.

Kila Jumamosi asubuhi wazee hukusanyika kwenye mkahawa wa Dot Wisnewski kuuchambua mchezo wa jana yake. Kiti cha dirishani kilikuwa changu. Mtu akitaka kujua kama mvamizi wetu wa mwaka huo, yaani anayecheza nafasi yangu ya kumkimbilia mrushaji, ana miguu au ana magogo, alinigeukia mimi. Nilikuwa nakunywa kahawa kwanza, wakisubiri. Miaka hamsini walinisubiri.

Halafu akaja Jarrel, mjukuu wa Orrin.

Huyo Orrin mwaka 1973 alikuwa mbeba maji wetu. Hakucheza hata dakika moja. Alikimbia na ndoo na kikombe cha bati. Sasa alikuwa anatembea mjini na kofia yenye namba ya mjukuu wake, hamsini na sita, na kanisani aliivua mlangoni na kuivaa tena kabla mchungaji hajamaliza baraka.

Mwezi wa Septemba sikuwa na wasiwasi. Kijana alikuwa na miaka kumi na saba, mabega kama mlango wa ghala, na alijua jambo moja tu: kuinamisha kichwa na kumsukuma mlinzi kifuani kama fahali aliyekasirikia ukuta.

"Nguvu anazo," Dot alisema akimimina kahawa. Dot ana daftari la takwimu za timu tangu akiwa msichana, na hakuna anayethubutu kumpinga. "Ila mikono yake imelala."

"Imelala fofofo," nikasema. "Inakoroma."

Watu wakacheka. Orrin akatafuna donati yake polepole. "Mpe muda, Verlin. Anajifunza."

"Mimi sikujifunza, bwana. Mimi nilizaliwa nayo."

"Ulizaliwa nayo, lakini wa tatu kati ya wale kumi na nane aliteleza kwenye tope mwenyewe," Dot alisema. "Nimeandika."

Wiki ya nne, kijana akaamka. Mlinzi aliponyoosha mikono kumshika, Jarrel aliichapa kwa kiganja kama mtu anayefukuza nzi mezani, akashusha bega, akapita chini ya kwapa la yule bwana. Mrushaji hakujua kilichompata. Jukwaa zima lilisimama, na mimi nikasimama, kwa sababu aliyekaa mbele yangu alisimama na nilitaka kuona.

Jumamosi hiyo nilipoingia kwa Dot, nilimkuta Orrin kwenye kiti cha dirishani.

Nikakaa karibu na mlango wa choo.

"Mzee Orrin," mmoja akauliza, "hivi ile ya kuchapa mikono, anaifanyia mazoezi wapi?"

Anamuuliza mbeba maji. Nikasikia kahawa inageuka siki mdomoni.

"Gereji kwangu," Orrin akajibu. "Nimemning'inizia magunia mawili ya mchanga. Yanapiga kelele mpaka mama watoto amehamia chumba cha nyuma."

"Anakuja juu sana," nikasema kutoka kule chooni. "Anaanza vizuri, halafu anasimama wima kama mlingoti. Akikutana na mlinzi mwenye akili, atakunjwa."

"Basi mwambie," Orrin akasema.

"Akitaka kujua, anajua ninapokaa."

Wiki ya saba akaongeza jambo la tatu, na hilo ndilo lililoninyima raha. Alianza kama anapita nje, mlinzi akamfuata, kisha akampa mgongo na kujizungusha kuelekea ndani, mzunguko mzima, mwepesi kama shuka inayopeperushwa kwenye kamba. Mimi sikuwahi kuuweza. Niliujaribu mwaka 1973 nikaishia kumkumbatia refa. Dot aliandika kwenye daftari lake, akachora mstari chini ya alichoandika. Mimi hakuwahi kunichorea mstari.

Kufikia mchezo wa tisa alikuwa na kumi na saba. Umebaki mmoja, dhidi ya Brandt Ferry, mji wa ng'ambo ya mto, tuliochukiana nao tangu enzi za babu zangu. Mtoto wa watu alihitaji mbili tu kunifunika kwa kijani.

Nami tangu ule mzunguko wa wiki ya saba nilikuwa nimeanza kumtazama kuliko alivyotazamwa na babu yake. Nilikwenda mazoezini nikajiegemeza kwenye uzio, nikajifanya napumzisha goti. Siku ya tatu nikaona ambacho mji mzima haukukiona. Kabla mpira haujachezwa, mvamizi huinama na kuweka mkono mmoja ardhini. Jarrel aliweka wa kulia. Lakini alipokusudia kujizungusha, aliweka wa kushoto. Kila mara. Nilihesabu mara tisa, hakukosea hata moja.

Mtu mwema angemwita pembeni akamwambia. Mimi nilirudi nyumbani nikala maharage ya kopo, na kila nilipolala niliuona ule mkono wa kushoto unashuka kwenye majani, na roho yangu imetulia kabisa.

Alhamisi kabla ya mchezo wa Brandt Ferry, miji miwili hula pamoja chapati za maji kwenye kituo chetu cha zimamoto. Ni desturi ya zamani, tangu ugomvi fulani wa mwaka wa mafuriko ambao uliishia kwa kuvunjana vidole. Mtu wetu anakaa, mtu wao anakaa, wetu, wao, mpaka mwisho wa meza, na mnabadilishana kofia. Marufuku kuzungumzia mchezo. Mnaongea magoti, mvua na bei ya mahindi.

Kando yangu alikaa Gerrit Oosting. Ndiye mlinzi niliyempita mara nne mwaka 1973, na mwanawe sasa ndiye anayewafundisha walinzi wao. Alivaa kofia yangu, mimi nikavaa yake, iliyonuka dawa ya kondoo.

"Goti lako vipi?" akauliza.

"Linatabiri mvua. Lako?"

"Langu limeacha kazi." Akamimina asali ya mti, ile ya utomvu uliochemshwa, juu ya chapati zake mpaka zikaelea. Kisha akavunja sheria, tena kwa sauti ya upole kabisa. "Ila Verlin, ndugu yangu, nisamehe. Yule kijana wenu ni bora kuliko wewe. Nimekaa nikafikiri, nikaona nikuambie mwenyewe."

Ningeweza kucheka. Ningeweza kuomba asali.

"Bora?" nikasema. "Mimi nilikupita mara nne na hukuwahi kujua napitia wapi. Yule anakuandikia barua kabla ya kuja. Akitaka kujizungusha anaweka mkono wa kushoto chini. Mtoto mdogo angeona."

Gerrit akauweka uma wake mezani. Akauchukua tena. Akala kidogo, akapangusa mdomo, akaniambia mahindi yake mwaka huu yamepata funza. Alipoondoka alisahau kunirudishia kofia.

Nilijiambia hakusikia vizuri. Ana masikio mabovu, Gerrit. Nilijiambia hivyo mpaka Ijumaa jioni, mpira wa kwanza ulipochezwa.

Jarrel akaweka mkono wa kushoto chini. Mlinzi wao akapiga kelele, "Kushoto!" na akarudi hatua moja ndani, akasubiri. Kijana alipojizungusha alikutana na watu wawili wamejipanga kama wanampokea mgeni. Wakamzika. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu wakamwinua miguu ikaacha ardhi. Alipoweka mkono wa kulia walijua hazunguki, wakamfungia njia ya nje. Tulipokwenda mapumziko walikuwa wanatuongoza kumi na nne kwa sita, na mrushaji wao hata jezi haijachafuka.

Rekodi yangu ilikuwa salama kama yai kwenye pamba. Nikangoja nifurahi.

Orrin alikaa safu mbili chini yangu. Alikuwa ameivua kofia ya hamsini na sita na kuishika magotini, akiizungusha kwa vidole. Mtu nyuma yake akasema, "Mjukuu wako leo amekwisha, mzee." Orrin alishika ile kofia kama alivyokuwa anashika kikombe cha bati zamani, tukitoka uwanjani tumepigwa, naye anakimbia kutupokea, na hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia asante.

Nikashuka. Goti likalalamika ngazi kwa ngazi.

"Orrin, twende kwenye uzio."

"Kufanya nini?"

"Twende, bwana. Nitakuambia huko, watu wasisikie."

Pale kwenye uzio nikamwambia. "Wanajua mkono wake. Wa kushoto chini, anazunguka. Wanajua kwa sababu nimewaambia mimi. Jana, kwenye chapati."

Nilitegemea anipige, na nilikuwa nimeshaamua nianguke vipi.

"Ulijua tangu lini?"

"Wiki mbili."

"Wiki mbili, Verlin."

"Hilo nitakulipa kesho. Mwite kijana."

Jarrel alikuja akitoa mvuke kichwani, majani yamekwama kwenye vyuma vya kofia yake ya kuchezea. Orrin akamwambia tu, "Msikilize huyu," akageuka upande.

"Mkono wako wa kushoto unakusaliti," nikamwambia. "Ukitaka kuzunguka unaushusha huo. Walishakusoma."

Akaangalia mkono wake kama wa mtu mwingine. "Kumbe. Niuache, mzee?"

"Usiuache. Ushushe kila mara, wauone vizuri. Yule jamaa atarudi ndani kukusubiri, uzito wake wote kwenye visigino. Wewe usizunguke. Pita nje, alikoacha wazi. Akianza kushtuka na kukufuata nje, mpige kifuani kama ulivyokuwa unapiga Septemba, ataanguka kama kabati."

"Ile ya fahali? Si ulisema ya kijinga?"

"Nilisema mengi. Nenda."

Mkono wa kushoto ukashuka. "Kushoto!" wakapiga kelele, mlinzi akarudi ndani, na Jarrel akapita nje peke yake kabisa, kama mtu anayekwenda kuchota maji. Kumi na nane. Tulikuwa sawa, mimi na yeye, kwa muda wa dakika kama ishirini, na nakiri nilizipenda dakika hizo. Kisha, robo ya mwisho, yule mlinzi hakujua tena amwamini nani. Alisimama wima katikati, na kijana akampiga kifuani. Mlinzi akamwangukia mrushaji wake mwenyewe, Jarrel juu yao wote, mpira ukatoka, wetu wakauokota na kukimbia nao hadi mwisho wa uwanja. Kishindo kile, nawaambia, kilisimamisha saa ya kanisa. Mpaka leo iko nyuma dakika nne.

Kumi na tisa. Tulishinda kwa pointi moja.

Jumamosi mchana nilipanda ngazi mbele ya duka la Orrin. Watu kama arobaini walikuja, na donati. Dot alileta daftari ili nisikosee namba. Orrin alishika ngazi kwa chini, hajaniambia neno tangu pale uzioni.

Nilifunika jina langu kwa kijani. Ilichukua mipigo mitatu tu ya brashi. Nilidhani ingechukua zaidi. Ilipokauka kidogo nikaandika kwa rangi nyeupe, herufi zilizonyooka, kazi safi, na anayesema nilizibana herufi za Mabry ni mwongo: JARREL MABRY, MARA 19. Wakapiga makofi. Kijana akanipa mkono, wa kushoto, akacheka.

Watu walipotawanyika, Orrin akainama akaokota makopo yangu mawili ya rangi. Akayageuza akasoma. Ameuza rangi maisha yake yote.

"Hii ni rangi ya ndani ya nyumba," akasema.

"Ndiyo niliyoiona kabatini."

"Juu ya rangi ya mafuta. Hukuisugua hata kwa msasa."

"Nimesahau. Uzee."

Akautazama ubao, kisha upande wa magharibi inakotokea theluji. "Kufika Machi itakuwa imebanduka yote. Jina lako litachungulia."

"Inawezekana. Basi nitakuja niandike tena. Unajua kazi yangu."

"Na Machi nyingine?"

"Na hiyo pia."

Orrin akafunika makopo, akagonga vifuniko kwa ngumi, akayaweka ndani, kwenye rafu ya juu, peke yake. Akarudi akakunja ngazi.

"Utakuja kila mwaka," akasema, "na mimi ndiye nitakayeshika ngazi."

"Umenisamehe, kwani?"

"Bado. Jumamosi ijayo, kwa Dot, unakaa chooni."