Sinia la Mboje

Sukari ya mume wangu Mboje inapanda, na nyumbani kwangu hakuna sukari. Mwenye akili anieleze hilo. Nimetoa sukari jikoni, nimetoa soda, nimetoa asali aliyotuletea shemeji kutoka Sapiwi. Hata matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha ambavyo Mboje amekula tangu aote meno, nimempa jirani gunia zima. Bado tukienda kliniki, kile kimashine kinamsuta.

Shida ni kidole cha mguu. Alijikwaa shambani kwenye pamba, kidonda kikakataa kupona. Daktari akasema bila kupepesa: sukari isiposhuka, kidole kitakatwa. Mjomba wake wa Mwamapalala alianza na kidole hivyohivyo, leo anatembelea magongo. Nikaapa Mboje wangu hatafika huko.

Elineema, nesi wa Kipare anayetupokea kliniki, alinionya mapema.

"Mama, usimfungie kila kitu. Ale mboga, ugali wa kiasi, na siku mojamoja aonje anachokipenda. Aonje tu, asishindilie."

Nikamwitikia kwa heshima, moyoni nikamcheka. Kuonja ndiko kulikomfikisha hapo! Kinga ni bora kuliko tiba, si wao wenyewe wameandika ukutani?

Basi nikakomesha na sinia. Kwetu mwanaume hali peke yake. Jioni Marcelo na Paschal, majirani zetu hapa Somanda, walikuwa wanakuja uani, wananawa, wanazunguka sinia moja na Mboje. Sasa mikono mitatu ikichota chombo kimoja, nitajuaje wangu amekula kiasi gani? Nikawaambia Mboje ni mgonjwa, atakula sahani yake ndani. Marcelo akaniangalia kama nimemtangazia msiba. Hawakurudi tena.

Mboje hakugomba. Afadhali angegomba. Alikula mchicha wake na kipande cha ugali kimyakimya, akashukuru, akaenda kulala. Na sukari ikapanda! Nikamshuku nesi, nikakishuku kimashine, nikafika hadi kuwashuku majirani kwa mambo ya giza, Mungu anisamehe, na mimi ni mama wa jumuiya.

Jana mchana nilitoka kununua dagaa. Nyuma ya duka la Violeth, pale bodaboda wanapoegesha, nikaona kandambili ninayoijua, ile niliyoikata mbele mwenyewe ili isimguse kidonda. Mboje alikuwa amesimama kando ya ukuta, maandazi kwenye karatasi, soda mkono wa pili. Anakula haraka, anameza bila kutafuna, macho huku na huku. Baba wa watoto wangu, mtu anayeitwa kusuluhisha kesi za ng'ombe, anakula kama mwizi wa kuku. Hasira ilinipanda, ikakuta machozi yametangulia. Nikageuka nikaondoka. Dagaa sikununua.

Njia nzima sikuelewa kitu. Maandazi? Mboje hapendi hata maandazi! Miaka yote ananiambia ni chakula cha watoto wa shule. Sasa alikuwa anatafuta nini pale? Na mimi nilikuwa nimemzuia nini hasa?

Kwa kuwa akili yangu ilikuwa imegoma, niliyaacha maneno ya nesi yaniongoze. Nikaenda kwa jirani kuomba matobolwa yangu mwenyewe, na aibu hiyo niiache. Nikayachemsha tena machache yalainike, nikatwanga karanga, nikasonga ugali, nikapika mlenda. Halafu nikaenda kuwaita wale wanaume.

"Mwadila, mayo," Marcelo alinisalimu kwa Kisukuma, ana wasiwasi. "Mgonjwa ana hali gani?"

"Sijui, baba. Njooni mle."

Mboje alipolikuta sinia uani alisimama. Akaliangalia, akaniangalia mimi, akaliangalia tena. Nikakaa mlangoni mwa jiko, macho kwenye mkono wake.

Alikula mlenda na ugali kidogo. Akachukua kipande cha tobolwa, akakichovya kwenye karanga, akakitafuna polepole huku akicheka kisa cha Paschal cha dume la ng'ombe lililoingia kanisani. Akachukua cha pili. Mkono ukarudi gotini. Nikausubiri uende tena, haukwenda. Kwenye sinia mtu mzima hashindilii mbele ya wenzake, na kinachobaki ni cha watoto. Hilo nalijua tangu nizaliwe. Akawaita wajukuu, akawasogezea vilivyobaki.

Mtu yuleyule wa mchana! Nilikuwa nimempangia, nimempimia, nimemchunga, na kumbe lile sinia nililolifukuza ndilo lililokuwa linajua kumchunga. Au nimekosea tena? Sijui. Kliniki ni wiki ijayo, na kimashine hakina huruma.

Wageni walipoondoka niliinama kukusanya vyombo. Mboje alikuwa bado ananawa, taratibu.

"Mama Winnie," akasema bila kuinua macho, "mchana pale dukani nilikuona."

Nikasimama na sinia mkononi, sijui niliweke wapi.

"Kesho nikupikie nini?" nikamuuliza.

"Chochote," akasema. "Ila nikile na watu."