Diski Mbili za Mama

Diski ilikuwa inagonga. Ko, ko, kimya. Ko, ko, kimya. Fundi wa kompyuta alikuwa amesikia diski nyingi zikikata roho mezani pake, lakini hii ilimbeba marehemu dada yake.

Dada alijirekodi akiwa mgonjwa kitandani: video za kumwimbia binti yake, za kumfundisha kusuka nywele, na moja ndefu ya mwisho aliyokataza isiguswe mpaka mtoto akue. Hakuna aliyechungulia, hata mumewe. Sasa mtoto amekua, na leo ndiyo siku yenyewe.

Shemeji, mume wa marehemu, alikuwa mlangoni anachezea funguo. Diski ilikuwa ya ofisini kwake, na ofisi iliitaka, mbovu au nzima. Hakutaka wenzake wamwone mkewe amekonda vile, kwa hiyo ilikuwa lazima ifutwe kabisa.

"Bado tu, shemeji?"

"Kunakili kwenye diski mpya tayari. Sasa nataka kulinganisha."

"Kama umeshanakili, unalinganisha nini tena?"

"Faili linaweza kuwa na jina lilelile, ukubwa uleule, na ndani limeoza. Lazima programu isome huku na huku."

"Mafundi mna wasiwasi kuliko mama mkwe."

Fundi alicheka, shingo upande. Kwa kawaida kila diski mpya huipa jina lake. Hii mpya, kwa mapenzi tu, aliipa lile la ile ya zamani: MAMA, ili mtoto asione tofauti. Basi kwenye programu akachagua MAMA upande wa kushoto, akachagua MAMA upande wa kulia. Kompyuta haina habari na mapenzi ya mtu, ikafanya ilichoambiwa.

Ikaleta kijani: yote sawa. Ilimaliza mapema kuliko alivyozoea, na kitu kikamchoma moyoni, kama mtu aliyetoka nyumbani hakumbuki kama amezima jiko. Lakini shemeji alishaanza kile kikohozi cha mtu mwenye haraka. Akajipa moyo. Akahakikisha anafuta ile inayogonga, akabonyeza, na shemeji akaenda kumchukua binti shuleni.

Waliporudi, diski ya zamani ilikuwa tupu na kimya. Binti akaketi na sare zake, mikono mapajani. Fundi akafungua video ya mwisho kwenye diski mpya.

Dada akatokea, kilemba kichwani, akitabasamu. "Mwanangu, kabla ya yote nataka ujue kwamba..."

Uso ukakatika vipande vya rangi. Sauti ikawa mlio, kisha hakuna.

Akairudisha mwanzo. Ikafia palepale. Akajaribu tena, kisha akafungua lile dirisha la kulinganisha lililokuwa bado chini ya skrini. Chini ya kila MAMA, kwa maandishi madogo ambayo hakuyatazama alipokuwa akichagua, palikuwa na alama ya diski. Kushoto ya zamani. Kulia ya zamani. Diski ya zamani ililinganishwa na yenyewe, na nani asiyefanana na nafsi yake?

Aliichukua ile ya zamani akaiweka sikioni. Aliomba igonge, hata mara moja tu.

"Mama mdogo," binti akauliza taratibu, "nijue kwamba nini?"

Fundi alimgeukia shemeji, na shemeji naye alikuwa anamtazama yeye, akisubiri jibu.